Hii Mlima ni Gani?

Kogo alisimama mbele ya bango langu karibu dakika mbili, mikono nyuma, miwani imeteleza hadi katikati ya pua. Halafu akauliza kwa sauti ambayo ukumbi mzima wa kanisa ulisikia: "Hii mlima ni gani? Ni Londiani ama ni Tinderet? Na mbona haina upande wa kushuka?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kile kicheko cha mtu ambaye amelipwa nusu ya pesa na anangoja nusu nyingine.

Haikuwa mlima. Ilikuwa grafu ya wagonjwa wa malaria katika mashamba ya chai ya Kericho. Miaka chini, idadi ya wagonjwa kando, mstari mwekundu unaoanza chini kushoto na kupanda hadi juu kulia. Nilikuwa nimeajiriwa na mradi mmoja wa afya unitengenezee njia ya kula mwezi huo, na kazi yenyewe ilikuwa rahisi kwenye karatasi: chukua matokeo ya wataalamu, yafanye yaeleweke na watu wa kawaida, chapisha kwenye bango la mita moja na nusu, lete Litein Jumamosi. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikisomea takwimu, kwa hivyo mimi ni mtu wa katikati. Najua kusoma grafu, sina cheti cha kuthibitisha, na nina bei nafuu.

Kogo alikuja kwa sababu mimi ni mjukuu wake. Alichuma majani chai zaidi ya miaka ishirini kabla magoti hayajakataa. Na mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, malaria ilipopita kwenye kambi za wafanyakazi kama moto kwenye nyasi kavu, alimzika mtoto wake wa pili, mjomba wangu ambaye mimi namjua kwa picha moja tu. Kwa hivyo alipouliza hiyo mlima ni gani, alikuwa anauliza kuhusu kitu ambacho alikuwa ameshakipanda.

Swali lake lilinikaa kichwani. Nikarudi kusoma zile karatasi za utafiti ambazo nilikuwa nimezipitia haraka haraka usiku wa kabla ya kuchapisha, na nikagundua kwamba wanasayansi wakubwa kabisa duniani walibishana karibu miaka kumi juu ya swali lile lile. Kericho, mji wetu wa mvua ya saa nane mchana, ulikuwa katikati ya ubishi huo. Hii ndiyo hadithi yake.

*

Tuanze na daftari, kwa sababu bila daftari hakuna grafu.

Chai ya biashara kubwa ilishika Kericho miaka ya 1920, kampuni ya Brooke Bond ikiwa mbele. Msitu ulifyekwa, ardhi ikapimwa, na wenyeji wengi wakajikuta wageni kwenye vilima vya babu zao. Wafanyakazi waliletwa, kambi zikajengwa, na hospitali ya kampuni ikajengwa pia. Hospitali ile iliandika. Nani ameingia, ana ugonjwa gani, ametoka ama amefariki. Sitaki kuisifu sana kwa hilo. Mchumaji anayelala na homa ni majani yanayokomaa bila kuchumwa, na kampuni yoyote huhesabu kinachoigharimu. Lakini matokeo yake ni kwamba Kericho ina kitu ambacho sehemu nyingi za Afrika hazina: kumbukumbu za malaria za miaka mingi mfululizo, kutoka mahali pamoja.

Kumbukumbu hizo zinasimulia hivi. Miaka ya 1940 kulikuwa na milipuko mikali. Ikadhibitiwa, na kwa muda mrefu malaria ikawa jambo la kusikia kutoka kwa watu wa Kisumu. Halafu miaka ya 1980 ikarudi, na miaka ya 1990 ikarudi kwa nguvu. Kwa watu wa nyanda za juu hili ni jambo la kutisha kwa njia yake. Mtu aliyekulia karibu na ziwa mwili wake umezoea kupigana na kimelea tangu utotoni. Mtu wa Kericho au Bomet hajazoea. Kwa hivyo mlipuko ukifika, unapiga wote, mtoto na mzee, mchumaji na msimamizi.

Swali likawa: kwa nini imerudi?

Kulikuwa na majibu mawili makubwa mezani. La kwanza ni joto. Kimelea cha malaria kali, falciparum, kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kukiwa chini ya digrii 18 hivi, kinakua polepole mno na mara nyingi mbu anakufa kabla hakijawa tayari. Wastani wa joto la Kericho uko karibu na hapo hapo, kama mtu aliyesimama mlangoni. Kuongezeka kidogo tu, mlango unafunguka. Jibu la pili ni dawa. Klorokwini, ile chungu iliyokuwa ikiwawasha watu mwili mzima, ilikuwa imeanza kushindwa na kimelea. Wagonjwa wanameza na hawaponi, na kila asiyepona ni chakula kwa mbu anayefuata.

Mwaka 2002, Simon Hay na wenzake walichapisha jibu lao katika jarida la Nature. Walichukua maeneo manne ya milimani Afrika Mashariki: Kericho, Kabale kule Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Wakapanga takwimu za hali ya hewa kutoka 1911 hadi 1995 na kutafuta kama mstari unapanda. Wakasema haupandi. Joto halijabadilika kiasi cha kuhesabika, mvua haijabadilika, kwa hivyo msilaumu hali ya hewa, tafuteni kwingine. Wengine wao walikuwa wanaelekeza kidole kwa dawa iliyoshindwa.

Mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, Jonathan Patz na wenzake wakajibu. Ubishi wao ni wa mambo mengi lakini mmoja unaweza kuuona kwa macho, na ndio ningependa kukuonyesha.

Takwimu zile za joto hazikutoka moja kwa moja kwenye kipimajoto cha Kericho. Zilitoka kwenye mkusanyiko unaogawa dunia nzima katika miraba ya nusu digrii, na kila mraba unapewa namba yake kwa kukadiria kutoka vituo vilivyo karibu. Nusu digrii huku kwetu kwenye ikweta ni kama kilomita 55 kila upande. Chukua ramani ya simu yako, chora mraba wa ukubwa huo uuweke Kericho ndani, kisha angalia nini kingine kimeingia. Utaipata Muhoroni na miwa yake, chini ya mita 1,400, mahali ambapo ukishuka kwenye matatu unavua sweta. Utapata Kericho, karibu mita 2,000, mahali unapoirudisha. Mraba mmoja, namba moja. Ukipaka mraba huo rangi moja kwenye ramani inapendeza sana, lakini mtu yeyote aliyewahi kupanda gari kutoka Kisumu kwenda Kericho anajua kwamba hiyo rangi inadanganya. Hay na wenzake walikuwa na utetezi wao, na haukuwa wa kijinga. Wao walitafuta mabadiliko ya miaka mingi, si joto la Jumanne fulani. Lakini shaka ilikuwa imeingia.

Mwaka 2006, Mercedes Pascual na wenzake wakarudia mahesabu kwa maeneo yale yale manne, safari hii wakitumia miaka kutoka 1950 hadi 2002. Wakaona joto linapanda kote kunne. Si sana, lakini wakaonyesha kwamba kwa mbu kidogo si kidogo: badiliko dogo la joto linaweza kuzaa badiliko kubwa zaidi mara nyingi katika idadi ya mbu.

Maeneo yale yale, majibu mawili. Kama wewe ni msomaji wa kawaida, hapo ndipo unasema hawa watu wanatuchezea akili.

*

Mwaka huo wa 2006 pia ndio ubishi ulitoka maktaba ukaingia sinema. Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, alitoa filamu yake kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na filamu nzima ni mtu mmoja na slaidi zake. Kati ya aliyosema ni kwamba miji kama Nairobi ilijengwa juu ya mstari ambao mbu hawafiki, na sasa wanafika. Ni picha ambayo huwezi kuisahau. Mbu anapanda mlima, mwaka baada ya mwaka, kuelekea kwako.

Shida ni kwamba Nairobi ya miaka ya mwanzo ilijua malaria vizuri tu. Kericho pia, miaka ya 1940, kama daftari za hospitali zinavyoonyesha. Hakukuwa na mstari safi juu ya mlima. Slaidi ilikuwa imeanza hadithi mahali inapopendeza.

Na hapa sina haki ya kumcheka Al Gore, kwa sababu mimi nilifanya jambo hilo hilo kwenye bango la Litein, ila upande wa pili. Yeye alichelewa kuanza. Mimi niliwahi kumaliza.

Nitasema ukweli jinsi ilivyokuwa. Takwimu za wagonjwa nilizopewa ziliendelea hadi baada ya mwaka 2002. Nilipochora zote, mstari ulipanda, ukafika kileleni, ukashuka. Mteja akaangalia akasema haipigi macho. Tunataka watu washtuke, wachukue vyandarua, huu mstari unawaambia mambo yameisha. Nikakata grafu pale kileleni. Sikubadilisha namba hata moja. Kila nukta kwenye lile bango ilikuwa ya kweli. Nilifunga tu pazia mapema, nikaweka rangi nyekundu, na nikatuma ankara.

Ndiyo maana Kogo aliona mlima usio na upande wa kushuka. Kwa macho ya mtu aliyetembea kwenye vilima maisha yake yote, kitu kama hicho hakipo. Ukipanda lazima kuna kushuka, na kama hakuonekani basi kuna mtu amekuficha.

*

Mwaka 2011 ndio mwaka nilioupenda zaidi katika hadithi hii, kwa sababu ndio mwaka watu walirudi kujiangalia.

Judith Omumbo, mtafiti Mkenya, alikuwa amewahi kuandika na Hay na wenzake kuhusu malaria. Sasa, pamoja na Bradfield Lyon, Samuel Waweru wa idara ya hali ya hewa ya Kenya, na wengine, alifanya jambo ambalo likisemwa linasikika rahisi kupita kiasi. Waliachana na miraba. Walichukua vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, kuanzia 1979 hadi 2009, wakavikagua kimoja kimoja na kuvisafisha. Jibu lao lilikuwa wazi: joto la Kericho linapanda, kama nusu ya nusu ya digrii kila miaka kumi. Kwa namba, takriban 0.2.

Fikiria jinsi ya kuchora hiyo. Katika miaka thelathini ni kama 0.6 ya digrii. Ukiweka kwenye grafu ambayo mhimili wake wa wima unaanzia sifuri hadi arobaini, mstari wako utaonekana umelala kama paka juani. Ukianzia kumi na saba hadi kumi na tisa, utaonekana kama ukuta wa kupanda kwa kamba. Namba ni zile zile. Mtaalamu akiona grafu, jicho lake linakimbilia kwanza pembeni kusoma mhimili unaanzia wapi. Ni tabia, kama vile konda anavyoangalia noti kabla ya kuikunja. Mtu wa kawaida anaangalia umbo. Mimi sikufundishwa tofauti hiyo chuoni. Tulifundishwa kuchora kwa ajili ya mwalimu, na mwalimu husoma mhimili.

Mwaka huo huo David Alonso, Menno Bouma na Mercedes Pascual wakatoa picha ya aina nyingine. Walijenga modeli ya mbu na watu wa Kericho, wakaiendesha mara mbili kwa miaka ya 1970 hadi 2003: mara moja na joto lilivyopanda kweli, mara ya pili kama vile joto lisingepanda. Kisha ulinganishe. Naipenda njia hii kwa sababu hata Kogo angeielewa. Ni kama mashamba mawili jirani, moja umelitia mbolea na jingine hukulitia. Walichoona ni kwamba joto peke yake liliongeza malaria kwa kiasi kikubwa toka miaka ya sabini hadi ya tisini. Lakini milipuko halisi ilikuwa mikubwa kuliko hata modeli ilivyotabiri. Yaani joto lilifungua mlango, na kuna kitu kingine kilichosukuma watu kuingia. Zile sababu nyingine ambazo upande wa pili ulikuwa unazitaja, kama dawa iliyoshindwa, zilikuwa na nafasi yao kwenye picha. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanabishana ni mguu upi unatembea.

Halafu kuna karatasi ya tatu ya mwaka huo, na hii ndiyo iliyonifanya nikae kitako. David Stern, Simon Hay, Dennis Shanks na Robert Snow, wote wanne waliokuwa kwenye karatasi ya 2002, pamoja na watafiti wengine wakiwemo Wakenya Abdisalan Noor na Emelda Okiro, walirudi kupima tena. Walichukua matoleo mapya ya takwimu za miraba. Joto linapanda, wakakubali. Toleo la zamani ndilo lililokuwa halionyeshi. Kisha wakachukua vipimo vya kituo cha Kericho, vile vya Omumbo, wakavikata sehemu mbili. Ukiangalia 1979 hadi 1995 peke yake, hakuna mwelekeo unaoweza kuapa nao. Ukiangalia 1979 hadi 2009 yote, mwelekeo uko wazi kabisa.

Soma tena hapo. Kipimajoto kile kile, kilima kile kile. Kinachobadilika ni mahali umekata.

Na hawakuishia hapo. Walionyesha kwamba wagonjwa wa malaria Kericho waliongezeka katika milipuko ya 1994 hadi 2002, na baada ya hapo wakapungua hadi kiwango cha chini, wakati joto bado linaendelea kupanda. Mistari miwili iliyokuwa imeshikana mikono ikaachana. Mlima ulikuwa na upande wa kushuka.

Kumbuka hawa ni watu ambao majina yao yalikuwa chini ya karatasi iliyosema joto halijapanda. Wangeweza kunyamaza, wengi hunyamaza. Wao waliongeza miaka kwenye mhimili wakaacha mstari uende unakoenda.

*

Turudi Litein, maana bado sijakwambia kilichofuata baada ya kicheko.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa safu ya mbele akasimama. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba na begi la mgongoni. Hakuwa na hasira, alikuwa na ule upole unaoumiza zaidi.

"Kijana, hii yako imeisha mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Na baada ya hapo?"

Nikasema ilishuka.

"Sasa mbona hujaweka? Sisi tulikuwa huko. Tulibeba neti. Tulienda na wale wa kupuliza dawa ukutani. Ukiishia hapo ni kama hatukufanya kitu."

Sikuwa na jibu. Mteja wangu alikuwa nyuma ya ukumbi akiangalia simu.

Nilikuwa nimefikiri kukata grafu ni jambo kati yangu na takwimu. Sikuwa nimefikiria kwamba ndani ya ile miaka niliyoikata kuna watu wanaishi, na kazi yao, na sababu ya wao kuendelea kubeba lile begi. Niliwatisha watu ambao walikuwa wameshafanya jambo nililotaka wafanye. Na niliwanyima habari moja waliyokuwa na haki nayo kuliko mtu yeyote: kwamba inawezekana kushuka.

Kwa haki, grafu kamili ingempa huyo mama swali gumu pia. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998 ikahamia Fansidar. Mwaka 2006 ndipo dawa mpya ya mseto ilipoanza kufika hospitali za serikali, na mwaka huo huo vyandarua vya bure vikagawiwa kwa watoto wadogo katika kampeni kubwa. Lakini mstari wa Kericho ulianza kuteremka baada ya 2002, kabla ya hizo neti za bure. Kwa hivyo neti zao hazikuanzisha mteremko. Zilikuja kusaidia kuushikilia. Ningeweka tarehe hizo tatu chini ya mstari, kila moja mahali pake, na tungekaa hapo na chai tukabishana kama watu wazima. Hiyo ingekuwa mkutano mzuri zaidi kuliko ule niliouandaa.

Na kuna pengo jingine ambalo hata grafu kamili haiwezi kulifunika. Daftari za hospitali ya kampuni zinahesabu wafanyakazi na familia zao. Mkulima mwenye ekari moja upande wa Bomet, anayepeleka majani kituo cha KTDA na kungoja bonasi, hakuwa kwenye hesabu hiyo. Malaria yake haikuwa nukta. Wanasayansi wanalijua hilo na huliandika kwenye aya za katikati, kwa herufi zile zile ndogo. Kwenye bango aya za katikati hazipo. Kwa hivyo "malaria ya Kericho" ikawa, machoni pa kila mtu, malaria ya kila mtu wa Kericho.

*

Kuna mradi mmoja huku kwetu ambao naurudia kichwani kila nikipewa kazi ya kuchora. Hauhusu malaria, unahusu mito.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen cha Ujerumani na wenzao walitaka kujua maji ya bonde la Sondu-Miriu, ambalo linachukua vijito vya msitu wa Mau na vilima vya chai kabla ya kuteremka ziwani. Vifaa vya kupima ni ghali na huibiwa. Kwa hivyo waliweka rula ndefu wima ndani ya mto katika vituo kumi na tatu, na kando yake ubao wenye maelekezo kwa yeyote anayepita: angalia maji yamefika wapi, tuma namba hiyo kwa ujumbe wa simu. Ukituma, unajibiwa papo hapo. Mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyokubalika. Vilipolinganishwa na vipimo vya kituo kinachojipima chenyewe, vilikuwa vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Sitaki kukuuzia ndoto. Asilimia 57 ya hao watu walituma mara moja tu wakaendelea na maisha yao. Waliotuma zaidi ya mara kumi walikuwa watu 13 tu. Lakini angalia kile ubao kinafanya. Hakimwambii mchungaji wa ng'ombe aamini mstari uliochorwa mahali pengine. Kinamwonyesha mhimili kwanza, rula yenyewe, imesimama majini mbele yake, na yeye ndiye anaweka nukta. Siku atakapoonyeshwa grafu ya mto huo, hataona mlima. Ataona asubuhi ile maji yalipofika kwenye namba fulani na viatu vyake vilikuwa vimelowa.

Nilimwambia mteja wangu nitachora upya bila malipo. Akasema haina haja, ripoti imeshaenda. Nusu ya pili ya pesa ililetwa baada ya miezi miwili.

Nilichora upya hata hivyo, kwa sababu ya Kogo. Kwenye karatasi ya kawaida, kwa kalamu, mezani kwake. Nikaanza na mhimili: huu ni mwaka uliozaliwa mama, huu ni mwaka uliacha kazi, huu nimezaliwa mimi. Nikamwachia achape kidole mwenyewe pale kwenye mwaka wa mjomba. Alichapa karibu sana na kilele. Halafu nikachora upande wa kushuka, na zile tarehe tatu, na nikamweleza mstari wa joto wa juu ambao wenyewe bado unapanda.

Aliangalia kwa muda. "Kwa hivyo inaweza kupanda tena," akasema.

"Inaweza, Kogo."

"Sawa. Basi hii ndiyo uwapelekee wale wa Litein." Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye Biblia yake pamoja na risiti za majani, na hadi leo hajanirudishia.